Tuzo kwa Wanaogawa Data za Tiba

Mashairi ya Muyaka wa Kisiwani Mombasa (1776–1840) yalinusurika kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumkabidhi W. E. Taylor. Mhifadhi astahili sifa kama mtunzi.

Katika utafiti wa tiba hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2017, Robert Snow wa KEMRI-Wellcome Trust, Nairobi, na wenzake walichambua chunguzi 50,424 za malaria kusini mwa Sahara, wakaiweka data wazi kwa wote. Hata hivyo, vyuo vingi huwapima watafiti kwa makala. Anayegawa data huambulia patupu, hivyo wengine huifungia kabatini, isimwokoe mtoto yeyote. Tuzo ingewatia moyo, mradi siri za wagonjwa zihifadhiwe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.