Wakati wa upepo, mikono yako iko wapi?

Ndugu mtumishi, upepo wetu wa Katanga wakati wa kiangazi unaujua wewe mwenyewe. Mvua imekwisha, majani yamekauka, na upepo unatoka upande wa kusini-mashariki ukibeba vumbi. Kama nyumba yako iko magharibi na kazi yako iko mashariki, upepo ule unakupiga usoni kila asubuhi. Unakanyaga pedali kwa nguvu zote, na kinga haiendi. Unafika mlangoni umelowa jasho, miguu inatetemeka, na zamu yako haijaanza bado.

Mtu aliyechoka mbele ya kuanza kazi yuko karibu na ajali. Ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya upepo, na juu ya kitu ambacho wenzetu kadhaa wametuuliza pale dispensari: vile vyuma viwili vinavyofungwa mbele ya gidoni, ili mwendeshaji alaze mikono yake juu yao na kuinama. Je, vinafaa kwa njia ya kazi? Vina hatari gani?

KWA NINI UPEPO UNACHOSHA HIVI?

Tuchukue mfano. Hakuna upepo, nawe unakwenda kilometa 18 kwa saa. Hewa inakupiga kwa mwendo ule ule wa 18. Sasa upepo wa kilometa 18 kwa saa unatoka mbele. Ukitaka kubaki na mwendo wako, hewa inakupiga kwa mwendo wa 36. Wengi wanafikiri kazi imezidi mara mbili. Sivyo. Nguvu ya hewa inazidi mara nne. Mwili wako unatakiwa kutoa nguvu mara nne ili kuishinda hewa hiyo.

Na ni kitu gani kinachozuia hewa? Si kinga. Ni wewe mwenyewe. Karibu sehemu tatu katika nne za kizuizi chote, hata zaidi, ni mwili wa mwendeshaji: kifua, mabega, kichwa na mikono iliyotanuka. Kwa hiyo dawa ya upepo si kukanyaga zaidi. Dawa ni kujifanya mdogo.

VYUMA HIVI VILIJULIKANA NAMNA GANI?

Mwaka 1989, katika mbio za Tour de France, Mmarekani Greg LeMond alikuwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Ilibaki siku moja tu. Tarehe 23 Julai walishindana kutoka Versailles mpaka Paris, kilometa 24.5, kila mtu peke yake. LeMond alikuwa amefunga vyuma hivyo mbele, mikono yake imekaribiana, mgongo umelala. Fignon hakuwa navyo. Jioni ile LeMond alishinda mbio zote kwa sekunde 8. Tangu siku hiyo dunia nzima iliviona.

Lakini angalia vizuri, ndugu. Njia ile ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na lori, wala mbuzi, wala mtoto anayevuka na maji kichwani. Tena, katika mbio za barabara ambamo watu wanakwenda kwa kundi, vyuma hivi vimekatazwa. Hata kulaza mikono juu ya gidoni bila vyuma kumekatazwa humo tangu tarehe 1 Aprili 2021. Ikiwa wale wanaoishi kwa kinga wanakatazwa, sisi tufikiri mara mbili.

HATARI IKO WAPI?

Iko katika mikono. Ukilala juu ya vyuma, vidole vyako viko mbali na freni. Kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa, kinga inakwenda karibu metre 7 kwa sekunde moja. Sekunde ile unayopoteza kurudisha mikono kwenye freni, metre 7 zimekwisha pita, na hujaanza hata kusimama.

Mwenzetu mmoja alikuja kwetu akishika bega. Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali, naye alikuwa amelala juu ya vyuma, macho yanatazama gurudumu la mbele. Mtoto alitokea kati ya nyumba mbili akisukuma kigari. Mtoto, shukrani kwa Mungu, hakuguswa. Mwenzetu aligeuza gidoni ghafula, akaanguka, akavunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kufika begani. Alikaa wiki nyingi bila kazi. Alituambia: «Munganga, freni zilikuwa nzima.» Ni kweli, zilikuwa nzima. Mikono ndiyo haikuwa pale.

Hatari ya pili ni upepo wa pembeni na malori. Mikono ikikaribiana, huwezi kuishika kinga imara. Lori la madini likipita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Mtu aliyelala juu ya vyuma anaweza kuvutwa mpaka chini ya magurudumu.

NA FAIDA JE?

Faida ziko, tusiseme uongo. Kwa mtu mwenye njia ndefu, yenye lami, tupu na ya kuonekana mbali, vyuma vinapunguza uchovu. Tena vinapumzisha viganja. Wako watumishi wanaokuja kwetu na kidole kidogo na jirani yake vimekufa ganzi. Sababu yake ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja: ukiukandamiza juu ya gidoni kwa saa nzima, unaumia. Mkono usiosikia vizuri ni hatari mbele ya mashine. Kubadilisha pahali pa mikono mara kwa mara kunasaidia. Lakini kama ganzi inakaa siku kadhaa, au huwezi kushika kitu kwa nguvu, usingoje, njoo dispensari.

UKITAKA KUVITUMIA, FUATA HAYA

1. Angalia kinga yako kwanza. Vyuma hivi vinafaa kinga ya safari ndefu yenye gidoni imara. Ile kinga nzito ya kubebea makaa, yenye gidoni iliyorudi nyuma, haivifai.

2. Usivitengeneze mwenyewe. Tunajua kwamba kati yetu kuna mafundi wa kuchomelea. Moto unaudhaifisha mpira na rangi, na zaidi unaidhaifisha gidoni yenyewe. Siku moja itakatika bila kukuambia. Na bomba lililo wazi mwishoni, ukianguka, linaingia tumboni. Hata vyuma vya dukani viwe na vifuniko vyao.

3. Kaza skrubu zote, kisha zijaribu tena kila wiki.

4. Anza na viwiko vikiwa mbali kiasi cha mabega. Inama kutoka kiunoni, si kwa kuvunja shingo. Macho yatazame njia. Kama shingo, mgongo au sehemu za siri zinakufa ganzi, umeinama kupita kiasi: inua vyuma.

5. Jizoeze siku ya mapumziko, pahali patupu, si asubuhi ya kazi.

6. Lala juu ya vyuma pahali pamoja tu: njia tupu, upepo wa mbele, hakuna gari karibu. Ukiona mtu, mnyama, njia panda, shimo, mchanga au lori, mikono irudi kwenye freni mbele ya kufika. Usiku na kati ya nyumba, mikono isitoke kwenye freni. Ukiwa na mzigo mzito au mtu nyuma, vile vile.

NA YULE ASIYE NA VYUMA?

Ndugu, wengi wetu ndio hao, na hawakosi kitu kikubwa. Kunja viwiko, viingize ndani, shusha kifua, na acha vidole juu ya freni. Funga koti lako. Koti linalopepea ni kama tanga la mtumbwi. Punguza mwendo: ukikubali kwenda pole kidogo, upepo unakuachia nguvu nyingi. Kunywa maji mbele ya kutoka, na jifunge kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Zaidi ya yote, siku ya upepo toka nyumbani robo saa mapema. Mtu aliye na wakati hashindani na upepo.

Kesho asubuhi, ukiwa njiani, jiulize swali moja: mikono yangu iko wapi? Kama jibu ni «karibu na freni», utafika kazini, na jioni watoto watakuona mlangoni.