USALAMA NA AFYA: Akiba ya esansi isiyoleta kilio

Ndugu mfanyakazi, tuseme leo ni siku yako ya mapumziko. Umepakia jamaa yote ndani ya jipu, mnatoka Lubumbashi kwenda kusalimia wazee kule Likasi. Mbele kuna mtelemko mrefu. Unatoa vitesi, unazima motere, jipu inateremka yenyewe kimya. Mtoto anauliza: «Papa, mbona motere imenyamaza?» Unamjibu: «Tunachunga esansi, mwanangu.»

Je, hiyo ni akiba? Hapana. Ni hatari kubwa. Tujifunze pamoja akiba ya kweli.

1. Katika mtelemko

Freni za jipu zinasaidiwa na nguvu itokayo kwenye motere. Motere ikizimwa, ukikanyaga freni mara mbili au tatu msaada huo unakwisha, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Volani nayo inakuwa nzito, na ukichomoa ufunguo inaweza kujifunga kabisa. Lori lenye mzigo wa mgodi likisimama mbele yako, utafanya nini?

Wengine hawazimi motere, wanatoa vitesi tu. Hao nao wamekosea hesabu. Katika jipu za siku hizi, zisizo na kabureta, ukiacha vitesi ndani na kuondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, magurudumu ndiyo yanazungusha motere, nayo haipewi esansi hata tone. Tena motere yenyewe inazuia mwendo. Lakini ukitoa vitesi, inafaa motere ipewe esansi ili isizimike, na freni zinabeba uzito wote peke yao mpaka zinapata moto na kulegea. Umepoteza esansi, umepoteza na freni.

2. Mwendo

Jipu ni pana na ndefu kwenda juu, kwa hiyo inapigana sana na upepo. Ukitoka kilometa 80 kwa saa kufika 110, nguvu ya upepo inayokuzuia inakaribia kuwa mara mbili. Nani analipa? Wewe, kwenye pompi ya esansi. Basi nenda polepole, tazama mbali, ondoa mguu mapema kabla ya kukanyaga freni. Mizigo uliyokwisha kushusha, ishushe na chuma cha juu ya paa ambacho kilibeba, kama kinatoka.

3. Magurudumu

Gurudumu lisilo na upepo wa kutosha linakuwa zito kuzunguka, linakula esansi, linapata moto, na linaweza kupasuka njiani. Kipimo cha upepo kimeandikwa mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima kila mwezi na kabla ya safari, asubuhi magurudumu yakiwa baridi. Ukibeba watu na mizigo mingi, fuata kipimo cha mzigo.

4. Motere inayonguruma bure

Unangoja watoto mbele ya masomo? Zima motere. Ikisimama zaidi ya nusu dakika, kuiwasha tena kunakula kidogo kuliko kuiacha ingurume. Na usiiache kamwe ingurume ndani ya garaji iliyofungwa: moshi wake una sumu isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa amelala. Wakati wa kiangazi, kwenye vumbi letu, angalia filtri ya upepo mara kwa mara.

5. Nyumbani

Mama, sehemu hii ni yako pia. Wengine wananunua esansi ikiwa bei nafuu, wanaiweka kwenye bidoni jikoni. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye mbabula, na nyumba inawaka. Usiweke esansi ndani ya nyumba, wala kwenye chupa ya limonadi ambayo mtoto ataiona kuwa kinywaji. Usiivute kwa mdomo na mpira: ikiingia mapafuni inayaunguza. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitalini.

6. Pima mwenyewe

Jaza tanki, andika kilometa. Safari nyingine jaza tena, andika lita. Zidisha lita kwa 100, kisha gawa kwa kilometa ulizokwenda. Kwa mfano, lita 60 kwa kilometa 500 ni lita 12 kwa kila kilometa 100. Hesabu ikipanda na njia ni ile ile, peleka jipu kwa fundi: labda freni inagusa, labda magurudumu yamelegea.

Basi, safari ijayo mtoto asikie motere ikinguruma kwenye mtelemko. Akiuliza sababu, mweleze. Siku moja naye atashika volani.

KUMBUKA: Esansi iliyobaki katika tanki inamfaa yule aliyefika.