Somo la Familia: Mali ya Dada Irudi kwa Dada

Andiko: Mathayo 5:23-24

Leo tujifunze kwa wanawake wa ukoo wa Komnenos, uliotawala dola ya Kikristo ya Bizanti kutoka Constantinople.

Anna Dalassene alifiwa na mumewe mwaka 1067, akabaki na watoto 8. Hakuupenda ukoo wa Doukas, lakini mwanawe Alexios alioa huko, akamchukua Irene Doukaina. Alexios alipotawazwa mwaka 1081, mkewe hakutawazwa pamoja naye. Alingoja siku 7. Mwaka huohuo Alexios alikwenda vitani, akamwachia mama yake uendeshaji wa serikali kwa hati rasmi. Mama mkwe na mkaza mwana katika nyumba moja: jambo hilo tunalijua.

Irene alimzaa Anna Komnene mwaka 1083. Anna alisoma elimu ya tiba, na baba yake alipougua mwaka 1118 alikuwa miongoni mwa waliomwuguza na kumpima mapigo ya mshipa. Sisi wauguzi tumeona mara nyingi: ndugu wanakutana kando ya kitanda cha mgonjwa, na ugomvi wa zamani unaamka.

Ndivyo ilivyokuwa. Alexios alipofariki, kaka mdogo wa Anna, John, alishika kiti. Anna alitaka mumewe mwenyewe atawale. Njama ikagunduliwa, na John akamnyang'anya dada yake mali, akataka kumpa rafiki yake Axouch.

Huyu Axouch alikuwa Mturuki, aliyetekwa akiwa mtoto na kulelewa pamoja na John. Angeweza kutajirika siku ile. Badala yake alimsihi mfalme amrudishie dada yake mali yake, kwa kuwa damu ni damu hata baada ya kosa. John akakubali. Baadaye Anna aliandika historia ya baba yake, Alexiad, inayosomwa mpaka leo.

Wapendwa, wengi wetu tuna kiwanja au nyumba ya urithi kule nyumbani, na ndugu ambao hatupokei simu zao. Wakati mwingine mpatanishi ni mgeni asiye wa ukoo. Tusimdharau.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Nani katika familia yetu hatujazungumza naye mwaka huu?
2. Je, tumewahi kunufaika na ugomvi wa ndugu wawili?
3. Tunawezaje kuwa Axouch kwa jirani?

Mungu azibariki familia zetu. Amina.