Dondoo Muhimu: Kuchagua Mchezo wa Mkakati wa Zamu
Anayetafuta mchezo wa video wa zamu, yaani ule ambao kila upande humsubiri mwenzake amalize kusogeza wapiganaji wake kama ilivyo katika drafti, hana budi kuchunguza kwanza adhabu ya kushindwa: katika Fire Emblem, ulioanzia Japani mwaka 1990, mhusika akiuawa kwa kawaida harudi tena, ingawa matoleo ya karibuni huruhusu kanuni hiyo kuondolewa. Final Fantasy Tactics wa 1997 humfaa apendaye kubadilisha kazi na stadi za wahusika, na humo hata upande alioelekea adui huzingatiwa, kwani ashambuliwaye mgongoni hukwepa kwa shida. Mwenye kompyuta duni aanze na The Battle for Wesnoth, ambao ni wa bure na unastahili sifa nyingi kuliko unazopewa.