Wasifu wa Muuguzi Mpya: Andika Kazi Uliyoifanya kwa Mikono Yako

Muuguzi aliyehitimu juzi akiulizwa ana uzoefu gani, aghalabu hujibu kwamba hana. Kisha huandika wasifu unaofanana na jibu hilo: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, chuo, na mstari mmoja usemao "nimefanya mazoezi katika hospitali mbalimbali". Msomaji mwenye mamia ya maombi mezani hapati hata neno moja la kumtofautisha na mwenzake.

Hakuna anayemaliza chuo cha uuguzi bila kuwahudumia wagonjwa. Umekesha zamu za usiku, umesafisha vidonda, umetoa dawa, umepokea watoto. Huo ni uzoefu. Wodini tulifundishwa kwamba huduma isiyoandikwa kwenye faili la mgonjwa huhesabiwa kuwa haikutolewa. Na wasifu husomwa hivyohivyo. Mwongozo huu ni kwa muuguzi wa Tanzania mwenye cheti, stashahada au shahada anayeomba kazi yake ya kwanza.

1. Usajili na leseni vitangulie

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi bila kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa hiyo jambo la kwanza analotafuta mwajiri ni uhalali wako. Chini ya jina, namba ya simu na barua pepe, andika ngazi ya elimu yako, namba ya usajili wa Baraza na tarehe ya mwisho wa leseni. Haya yakae juu ya ukurasa wa kwanza, yasifichwe mwishoni pamoja na vyeti vya semina.

Kama bado unasubiri, sema wazi: "Nimefanya mtihani wa Baraza, nasubiri matokeo," ukitaja mwezi na mwaka. Mwenye shahada aeleze pia alipofanyia mafunzo ya utarajali, tarehe alizoanza na kumaliza, na idara alizopitia.

Cheo unachoomba kiandikwe kama kilivyo kwenye tangazo. Kwa serikali, Muuguzi Daraja la II ni wa ngazi ya cheti, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II ni wa stashahada, na Afisa Muuguzi Daraja la II ni wa shahada. Ukichanganya vyeo hivi, msomaji atadhani hukusoma tangazo.

2. Mazoezi kwa vitendo ndiyo kiini cha wasifu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kwa kila wodi au kliniki uliyopita, jibu maswali manne: ilikuwa wapi, kwa muda gani, ulifanya nini, na nani alikusimamia. Tazama mistari hii miwili.

Wa kwanza: "Nilifanya mazoezi wodi ya wazazi na kujifunza mambo mengi."

Wa pili: "Wodi ya wazazi, hospitali ya rufaa ya mkoa, wiki 8, mwaka wa tatu. Nilifuatilia uchungu kwa patografu, nikisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Chini ya usimamizi wa mkunga, nilizalisha akina mama 20 waliojifungua kwa njia ya kawaida, nikawapa sindano ya oksitosini uniti 10 ndani ya dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, na kupima alama ya Apgar dakika ya 1 na ya 5. Nilijaza rejista ya MTUHA ya kujifungua."

Matroni akisoma mstari wa pili anajua papo hapo unachoweza kukabidhiwa na unachohitaji kusimamiwa bado. Haulizi tena kama unaijua patografu. Anaona kwamba umeijaza. Idadi utakayoandika iwe ile iliyosainiwa na wasimamizi kwenye daftari lako la mazoezi. Lihifadhi daftari hilo, kwa sababu kwenye usaili unaweza kuombwa ulionyeshe.

Fanya vivyo hivyo kwa idara nyingine. Wodi ya watoto: kupima uzito na kukokotoa dozi kwa kilo, kuweka kanula, kumfundisha mama kuandaa maji ya ORS. Kliniki ya mama na mtoto: kuchanja, kutunza mnyororo baridi wa chanjo, kupima presha ya mjamzito na protini kwenye mkojo. Wodi ya upasuaji: kumwandaa mgonjwa kabla ya upasuaji, kufuatilia hali yake anapotoka, kusafisha na kufunga kidonda. Idara ya wagonjwa wa nje: kupima alama za uhai na kumtambua mgonjwa asiyepaswa kusubiri foleni.

Kisha chagua. Ukiomba zahanati au kituo cha afya kijijini, tanguliza uzazi, chanjo na wagonjwa wa nje, maana huko muuguzi mmoja hufanya yote hayo kwa zamu moja. Ukiomba hospitali ya kanda au ya taifa, tanguliza wodi inayokaribiana na nafasi iliyotangazwa.

3. Ujuzi unaotakiwa kila mahali

Taja mafunzo mafupi uliyohudhuria na kupewa cheti: kumsaidia mtoto mchanga apumue, huduma ya kwanza ya kuokoa maisha, kukinga na kudhibiti maambukizi. Weka mwaka na aliyeyaendesha.

Usidharau kazi za karatasi na kompyuta. Muuguzi anayejaza rejista za MTUHA kwa usahihi na kuandaa ripoti ya mwisho wa mwezi anatafutwa, kwa sababu takwimu hizo ndizo zinazosaidia kuagiza dawa na chanjo. Kama umetumia mfumo wa GoTHOMIS au mwingine wa hospitali, sema umeutumia kwa kazi gani: kusajili mgonjwa, kuingiza vipimo, au kuandika dawa zilizotolewa.

Maneno kama "mchapakazi" na "mwenye kujituma" yaache. Kila mwombaji anayaandika, na hayathibitishi kitu. Kama uliwahi kuwa kiongozi wa wanafunzi wodini au mpangaji wa zamu, andika wadhifa huo. Wenyewe utaeleza bidii yako.

4. Ukweli na siri ya mgonjwa

Usiandike kazi ambayo uliitazama tu kana kwamba uliifanya. Neno "nilishuhudia" lina heshima yake, nalo humlinda mgonjwa atakayekuja mikononi mwako. Ukidai unaweza kutoa kondo la nyuma kwa mkono wakati hujawahi, siku moja utaitwa usiku ulifanye hilo ukiwa peke yako.

Vyeti navyo viwe halali. Aprili 2017, baada ya uhakiki serikalini, watumishi wa umma 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaamriwa waondolewe kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi.

Siri ya mgonjwa haimaliziki chuo kinapofungwa. Usitaje jina la mgonjwa, namba ya faili wala kisa chenye maelezo yanayoweza kumtambulisha, na usiambatishe picha uliyopiga wodini. Mwajiri makini akiona picha hiyo atajiuliza utapiga nini ukiwa kazini kwake.

5. Wadhamini na viambatisho

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka wadhamini watatu wa kuaminika. Chagua waliokuona ukifanya kazi: muuguzi mfawidhi wa wodi, mkufunzi wa chuo, msimamizi wa utarajali. Waombe ruhusa kwanza, watumie wasifu wako, na uwaeleze kazi unayoomba. Mdhamini anayepigiwa simu akasema "simkumbuki huyo" anaweza kukukosesha nafasi.

Majina yako yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, cha chuo na leseni. Yakitofautiana, mwone wakili mapema akuandalie hati inayohitajika. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili, na kumbuka kwamba matangazo mengi ya serikali hayapokei karatasi za matokeo badala ya vyeti vyenyewe. Taarifa unazojaza kwenye mfumo wa maombi zisipishane na za kwenye wasifu, hata tarehe.

6. Umbo na lugha

Kurasa 2 zinatosha kwa mhitimu mpya. Tumia aina moja ya herufi za kawaida, vichwa vya habari vilivyokolezwa, na mpangilio unaoanza na mambo ya karibuni kurudi nyuma. Shule ya msingi haihitaji zaidi ya mstari mmoja. Dini, kabila na majina ya wazazi havihusiani na kazi. Viache isipokuwa fomu imeviuliza.

Fuata lugha ya tangazo. Ukiandika kwa Kiingereza, tumia sentensi fupi unazoweza kuzieleza kwa mdomo. Wasifu ulionakiliwa mtandaoni hutambulika kwenye swali la kwanza la usaili. Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja, itaje cheo na kituo, na iwe na sahihi yako. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini mara nyingi hupokea maombi kwa barua pepe: tuma faili la PDF lenye jina lako na cheo unachoomba, na andika maneno mawili matatu ya salamu na maelezo kwenye barua pepe yenyewe.

7. Kabla ya kutuma

– Namba ya simu inapatikana na barua pepe ina jina lako halisi.
– Namba ya usajili na tarehe ya leseni ni sahihi.
– Kila wodi ina mahali, muda, kazi na msimamizi.
– Kila idadi ina sahihi kwenye daftari la mazoezi.
– Wadhamini wote wamekubali.
– Mtu mwingine, ikiwezekana muuguzi wa siku nyingi, ameusoma wasifu na kuusahihisha.

Ndugu muuguzi, usingoje tangazo litoke ndipo uanze kukumbuka ulichofanya mwaka wa pili. Fungua daftari lako la mazoezi wiki hii, andika wodi moja baada ya nyingine wakati majina ya wasimamizi bado unayo na simu zao bado zinapatikana. Nafasi zikitangazwa, muda wa kuomba huwa mfupi, na aliyekwisha kuandika ndiye anayewahi.