Buibui wa chini shambani: kabla hujashika bomba, soma hapa

Vijana wangu wa Naipingo, Nachingwea yote na upande wa Ruangwa, swali linalonifikia sana ni hili: "Bwana shamba, buibui wamejaa chini ya ufuta, nipige dawa gani?" Usipige. Buibui hali jani wala hafyonzi mmea. Chakula chake ni wadudu.

Simzungumzii yule wa utando wa kwenye kona ya nyumba. Huyu ana rangi ya udongo, hategi utando, anawinda kwa mbio, mara nyingi usiku. Ukiona jike kabeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo, au watoto wamejazana mgongoni, ndiye huyo. Nenda shambani usiku, shika tochi usawa wa macho yako: vinukta vinavyong'aa chini kama umande ni macho yake. Vaa buti lakini, nyoka nao wanatembea saa hizo. Na usimkamate kwa mkono, anauma.

Anakula panzi wachanga, vidukari walioanguka na viwavi wadogo. Kiwavijeshi vamizi, aliyetuingilia mwaka 2017, akiwa mchanga hupeperushwa na uzi wake na wengine huangukia chini. Hapo buibui anasubiri. Ni kama maji moto kwenye mikorosho wanavyomwandama mbu wa mikorosho, ila huyu kazi yake ni ya ardhini. Nisikudanganye: mlipuko mkubwa hawezi kuumaliza peke yake, na hachagui, hata mdudu rafiki anamla.

Sasa hesabu yake. Dawa inayoua kila kitu inaua kiwavi na buibui pamoja. Nondo mmoja wa kiwavijeshi hutaga mayai zaidi ya elfu moja, na kizazi kipya kinakamilika kwa kama mwezi. Buibui anahitaji miezi mingi kukua. Kwa hiyo mdudu anarudi kwanza, na wewe unanunua dawa tena, unalipa kibarua tena. Hiyo hela inatoka kwenye ufuta wako kabla haujafika mnadani.

Kwenye mahindi machanga mimi nasema kagua mimea 100. Viwavi wakionekana kwenye 20, hapo piga, tena ndani ya kikonyo, usimwage ardhi nzima. Kuchoma mabua acheni. Najua wazee wanapenda shamba jeupe, lakini chini ya mabua ndiko buibui anakojificha jua.

Unataka kuwajua wa kwako? Fukia vikombe 10 vya plastiki, mdomo usawa wa ardhi, maji kidogo na tone la sabuni ndani. Weka vitano ulipopiga dawa, vitano usipopiga. Acha usiku mmoja tu, maana wanaoingia wanakufa. Asubuhi hesabu, kisha niandikie idadi, zao, na lini ulipiga dawa mara ya mwisho.