Kuitazama Kwala kutoka angani

SWALI: Nimefungua mgahawa Kwala, karibu na bandari kavu. Simu yangu naitumia kwa WhatsApp na Google tu. Kuna tovuti gani nyingine za bure, zenye faida na za kufurahisha?

JIBU: Anza na Google Earth. Tafuta Kwala, kisha fungua picha za miaka iliyopita. Utaona vichaka vikigeuka reli, barabara na yadi ya makontena iliyozinduliwa Julai 31, 2025. Jioni nzima inaweza kuishia humo, na utafurahi.

Ukitaka picha za karibuni zaidi, ingia Copernicus Browser, tovuti ya picha za satelaiti. Usitegemee kuona watu: kila nukta ni mita 10, hivyo kontena la futi 40 ni kama nukta moja tu. Masika mawingu hufunika kila kitu, chagua Agosti.

Lakini kwa biashara yako nasisitiza OpenStreetMap, ramani iliyoanza 2004 na inayochorwa na watu wenyewe. Katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam waliitumia kuchora Tandale na mitaa mingine inayofurika. Jisajili, weka alama ya mgahawa na jina lake, halafu ongeza zahanati, kisima na vijia unavyovijua. Programu ya Organic Maps huonyesha ramani hiyo hata bila bando ukishaipakua, na dereva wa lori aliyeishiwa bando naye ana njaa. Namba ya simu ya mtu mwingine usiiweke kwenye ramani bila ruhusa yake.